Choo na Taa

Jina la kwanza walilolileta lilikataliwa.
Barua niliipiga chapa mimi mwenyewe:
neno moja katika jina la chama chenu halina staha.

Bi. Kalekye Nthiwa akarudi Jumatatu,
bahasha ameifunga ndani ya leso isilowe,
akaipangusa meza yangu kwa kiganja kabla ya kuiweka.
"Hiyo staha," akasema, "njoo uitafute Gikomba saa moja jioni,
choo kina kufuli na taa ni ya simu."

Mimi ni karani. Maoni sina, nina kanuni.
Nikamfungulia ukurasa wa maana za maneno.

Chama.
Kwake ni wanawake arobaini na mmoja,
mia mbili kila Ijumaa, leo zamu ya Akumu, wiki ijayo Zeituni,
na faini ya hamsini kwa mchelewaji.
Kwetu ni watu wenye katiba, ofisi na hesabu zilizokaguliwa,
wanaotaka kushika serikali.
"Serikali yote hatuitaki. Ni hapo kwenye choo tu."

Alama.
Isifanane na ya mwingine hata kwa mbali.
Taa ilikuwa na wenyewe. Koroboi, vivyo hivyo.
Ndoo, ufunguo, hata kiatu, nilipekua daftari lote.
Kufuli ndilo lililobaki, yatima.
Nani aombe kura kwa kufuli?
"Lichore limefunguka."
Nikaandika: kufuli, wazi, rangi ya kutu.

Mwanachama.
Raia, mwenye kitambulisho, aliyejiunga kwa hiari yake,
asiwe katika chama kingine.
Nikaingiza nambari yake. Mashine ikazunguka, ikazunguka.
Alikuwamo.
Miaka sita, mwanachama kamili
wa chama ambacho jina lake alilisoma polepole
kama mtu asomaye jina la ugonjwa.
"Nani alinitilia sahihi?"
Fomu haina nafasi ya swali hilo.
Ina nafasi ya kujiuzulu, kwa maandishi, nakala iletwe kwetu.

Akaandika palepale, kwa kalamu yangu:
Mimi nisiyewahi kuingia, naomba kutoka.

Kisha, bila kuinua macho: "Mtafute na Nthiwa."
Nambari aliijua kwa moyo.
Nthiwa alijiunga mwezi wa Machi.
Alizikwa Januari, mwaka huohuo.
"Na mikutano yangu alikuwa akiikwepa," akasema,
akacheka kidogo, kisha akashika leso.

Nilipaswa kunyamaza. Nikaendelea kusoma, ndiyo kazi:
usajili wa muda kwanza, kisha siku mia na themanini;
kaunti zaidi ya nusu, yaani ishirini na nne,
kila moja wanachama elfu;
jinsia moja isizidi thuluthi mbili.
"Mtahitaji wanaume," nikasema.
"Watakuja. Nao hukojoa."

Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikimsaidia.
Elfu ishirini na nne. Robota la viatu ni jozi mia mbili.
"Robota mia na ishirini," akasema.
"Nimewahi kuuza zaidi, tena vingine vya mguu mmoja."

Nikampigia muhuri wa KUPOKELEWA, ambao si KUKUBALIWA,
nikamweleza tofauti, akaitikia kwa kichwa
kama aliyeelezwa tofauti nyingi maishani.
Nje barabara ya Waiyaki imesimama, honi, mvua.
Mlangoni akageuka.
"Mwanangu, choo cha hapa kiko wapi?"

Ghorofa ya pili, mkono wa kushoto.
Kimefungwa, kwa sababu ya wageni.
Nikafungua droo, nikatoa ufunguo wenye kipande cha ubao,
nikamsogezea daftari:
jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha.
Akaliangalia daftari muda mrefu.
Kisha akatia sahihi.